Ubatizo wa Beseni

Bahiga alikuwa amechoka kusema. Kanisani kwao mtoto wa kike hubatizwa akitimiza siku themanini, na siku hiyo hiyo ndipo mama yake naye anaporudi kuingia kanisani. Siku themanini za mjukuu wake Yustina zilitimia Januari, baridi ya mkoa wao wa Minya ikiwa bado inauma mifupa. Sasa Kwaresima ilikuwa imepita katikati, mtoto ana meno mawili yanachungulia, na kisima cha ubatizo hajakiona hata kwa mbali.

Sababu zilikuwa nyingi, na zote zilitoka kinywani mwa mkwewe Wagdi. Kwanza alitaka wamngoje kaka yake Ezzat, fundi wa mitambo huko Kuwait, apate likizo. Likizo ikapatikana, kisha ikafutwa. Halafu likaja suala la gauni. La kwanza lilikuwa na mikono mirefu mno, la pili halikuwa na kofia, la tatu dada yake Wagdi alilitazama akasema kumbe siku hizi watu wanabatizwa na kanzu za kulalia. Gauni lilipoelekea kupatikana, Wagdi akasikia habari za mpiga picha mwenye kamera inayoruka kama mwewe. Bahiga akamuuliza kama kamera hiyo inaweza kuruka mpaka imwone Roho Mtakatifu akishuka, maana kama haiwezi, ya simu inatosha.

"Haraka haraka haina baraka, mama," Wagdi alimjibu, akichovya mkate kwenye bakuli la ful, yale maharage yao ya kila siku. Alikuwa hodari wa kufunga. Tangu Kwaresima ianze hakuwa amegusa jibini wala yai wala tone la maziwa, ila alikuwa akila huku anatazama simu, akifunga huku anatazama simu.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," alisema Bahiga. "Sisi tunangoja tumbo la nani liume?"

Nargis, binti yake, mama wa Yustina, alimwambia mama jamani, hebu punguza. Bahiga akapunguza. Alishuka kwenye chumba chake cha chini, akakaa kitandani, akaongea na picha ya Bikira iliyoko ukutani, kwa sababu Bikira angalau hakuwa na simu.

Kilichokuwa kinamtesa Bahiga, Nargis alikijua, ila hakikuwa kitu cha kuzungumzwa. Kabla ya Nargis, Bahiga alizaa mtoto wa kiume, Girgis. Kwa mvulana ni siku arobaini. Girgis aliishi siku thelathini na moja. Homa ilimshika asubuhi, na padri alipofika jioni alikuta sanda. Ni miaka thelathini na miwili sasa, na Bahiga bado huhesabu siku za kila mtoto anayezaliwa mtaani kama mtu anayehesabu ngazi gizani.

Jumanne hiyo Yustina aliamka na joto. Bahiga alimgusa paji la uso, akasema mtoto huyu ana homa, leo msiende popote. Wagdi akasema ni meno. Walikuwa wanakwenda Minya mjini kuchukua gauni la nne, na kofia yake ya lesi, na fundi alikuwa amesema mwisho ni saa sita. Nargis alisita mlangoni, mkono mmoja kwenye kitasa.

"Nibaki, mama?"

Sasa hapa ndipo Bahiga alipokosea kosa la kwanza. Alikuwa amekasirika kwa miezi mitatu, na mtu aliyekasirika hujibu kwa hasira yake, si kwa akili yake. Badala ya kusema baki, alisema, "Nendeni. Mkafuate kofia."

Kufika saa saba mtoto waliyemwachia alikuwa anachoma kama mkate uliotoka tanuruni. Bahiga alimpigia Nargis, simu ikaita mpaka ikakata. Alimpigia padri wao, Abuna Mityas, simu yake ilikuwa imezimwa, na alijua kwa nini: siku za Kwaresima misa ya katikati ya wiki haimalizwi mpaka alasiri, na Abuna akiwa madhabahuni hana simu. Alipanda ngazi, akaita juu ya ukuta kwa jirani yake Hajja Sabah, mwenye mwana anayeendesha bajaji. Hajja alisema kijana yuko barabara kuu, anamwita sasa hivi, vumilia Mama Nargis, dakika kumi.

Dakika kumi. Bahiga alirudi chumbani akamkuta mtoto macho yamegeuka, mikono imekakamaa, mwili unatetemeka. Lilikuwa degedege. Daktari yeyote angemwambia mlaze ubavu, mvue nguo, ngoja lipite, kimbiza zahanati. Lakini Bahiga hakumwona Yustina. Alimwona Girgis.

Akatwaa beseni la bluu la kufulia. Akamimina maji ya birika lililokuwa limepoa nusu, akafanya ishara ya msalaba juu yake, akadondosha mafuta ya baraka kutoka kwenye kichupa alicholetewa kutoka monasterini. Akamzamisha mtoto mara tatu, akimshika kichwa. Kwa jina la Baba. Na la Mwana. Na la Roho Mtakatifu. Mara ya tatu Yustina alilia, na kile kilio Bahiga alikisikia kama kengele za Pasaka.

Alimfunga kwenye shuka. Yale maji hakuyamwaga mferejini, kwa maana maji ya ubatizo hayamwagwi penye uchafu. Aliyamwaga kwenye shina la mlimau uani, akaacha beseni pale pale, kwa sababu bajaji ilikuwa inapiga honi.

Zahanati walimpa mtoto dawa, homa ikashuka. Daktari, kijana aliyechoka, aliuliza mbona mtoto amelowa nywele. Bahiga alisema alimwogesha. Daktari akasema siku nyingine asimwingize mtoto mwenye degedege majini, anaweza kuyavuta mapafuni, ila bahati nzuri hayakumdhuru. Ndipo Nargis akaingia mbio, mfuko wa kofia bado mkononi, akamwangukia mama yake, akambusu mkono.

"Umemwokoa mwanangu, mama."

Bahiga alifungua kinywa. Akakifunga. Hilo likawa kosa la pili, na la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu la kwanza lilikuwa hasira na hili lilikuwa utamu. Hakuwa amebusiwa mkono na binti yake tangu siku ya harusi.

Jioni Wagdi aliuliza mbona beseni liko chini ya mlimau. Bahiga alisema liache, linakauka.

Usiku ule alilala fofofo, kwa mara ya kwanza tangu Januari. Asubuhi, Bahiga akiwa anatandaza mikate juani iumuke, Wagdi alishuka amekunja uso kama mtoto aliyechapwa. Alisema amefikiri. Ezzat asingojwe tena. Kamera inayoruka basi. Jumapili hii ni Jumapili ya Ubatizo, ya mwisho ya kubatiza kabla ya Pasaka, baada ya hapo hakuna mtoto anayebatizwa mpaka sikukuu ipite. Amemwandikisha Yustina. Ni wa tatu kati ya kumi na wanne.

"Umefurahi sasa?" akamuuliza.

Miezi mitatu alikuwa amelilia neno hilo. Sasa limekuja. Alisema amefurahi. Kisha akageuza mkate mmoja mara nne.

Unajua kwa nini. Kila anayebatizwa pale, mama yake au msimamizi wake husimama na mtoto mikononi, akatazama magharibi na kumkana Shetani, kisha akageukia mashariki na kuikiri imani yote, kuanzia Mungu mmoja mpaka uzima wa ulimwengu ujao. Na karibu na mwisho kuna maneno haya: tunakiri ubatizo mmoja kwa ondoleo la dhambi. Mmoja. Bahiga aliishia darasa la sita, lakini Kanuni ya Imani aliijua kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Kama lile la beseni lilikuwa ubatizo, basi Jumapili watamzamisha mtoto mara ya pili, na kanisa zima litakuwa limesema uongo bila kujua. Na kama halikuwa ubatizo, yeye alikuwa amefanya nini na majina yale matatu?

Angesema. Lakini akisema, Nargis atajua kwamba mwanawe akiwa anatetemeka, mama yake alimtia kwenye beseni. Na hapo nani atamwachia mtoto tena?

Kumbe kazi ya kumfundisha Nargis kukiri ikamwangukia yeye. Nargis alikuwa akisema Kanuni kila Jumapili tangu utoto, lakini kusema ukiwa na watu mia tatu ni kitu kimoja na kusema peke yako ni kingine. Alikuwa anafika "akasulubiwa kwa ajili yetu" kisha anaruka moja kwa moja mpaka "atakuja tena".

"Umemwacha kaburini," Bahiga alimwambia.

"Nimemwacha nani?"

"Kristo. Umemsulubisha, ukamzika, halafu umemleta kuhukumu. Amefufuka saa ngapi?"

Nargis alicheka mpaka mtoto akacheka. Bahiga hakucheka. Walirudia. Mara ya tano Nargis aliruka tena kufufuka, na Bahiga akapiga kofi goti lake mwenyewe, akasema nyimbo za harusi zote unazijua na vibwagizo vyake, hii iliyokutoa mautini ndiyo inakushinda. Ukiondoa hapo, tunafunga siku hamsini na tano kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya maharage?

Ndipo Nargis, akiwa anamnyonyesha mtoto, akauliza mbona wanasema ubatizo mmoja, kwani kuna mtu anataka miwili.

"Kwa sababu Kristo alikufa mara moja na akafufuka mara moja," Bahiga alijibu kabla ya kufikiri. "Anayezama majini anazikwa pamoja naye. Na mtu hazikwi mara mbili."

Baada ya hapo alisema kichwa kinamuuma, akaenda kulala mchana.

Jumamosi alikwenda kuungama. Alikaa kwenye foleni nyuma ya wanawake tisa, akijisomea moyoni namna atakavyoanza. Alipofika mbele ya Abuna Mityas, aliyekuwa na macho mekundu kwa kufunga na kusikiliza, alisema alikuwa amelamba kijiko chenye jibini la mtoto, na alikuwa amemsengenya dada yake Wagdi kuhusu kanzu ya kulalia.

"Na kingine?"

"Ni hayo tu, Abuna."

Alitoka akiwa na dhambi moja zaidi ya zile alizoingia nazo.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka ngazini. Watoto kumi na wanne wote walikuwa wanalia kwa pamoja, akina mama wanasukumana, mashemasi wanapiga kelele wakitaka kimya. Mtoto wa kwanza alimkojolea shemasi. Wa pili, msimamizi wake alitazama mashariki alipotakiwa kutazama magharibi, ikabidi waanze upya, na Abuna akasema mtu asiyejua Shetani aondokee mlango gani arudi nyumbani akamtafute. Watu wakacheka. Abuna hakucheka.

Akaitwa Yustina. Nargis alisimama amevaa gauni lake jipya, mtoto mikononi, kofia ya lesi imeshatapikiwa. Dada yake Wagdi aliinua simu arekodi, Ezzat apelekewe Kuwait. Kumkana Shetani kulimwendea Nargis vizuri. Akageukia mashariki. Alianza kwa sauti, akafika kwenye msalaba, akapita kaburini, na pale pale akakwama. Akarudi. Akakwama tena.

Abuna alishusha pumzi. Aliuliza nani katika familia anayeijua Kanuni, maana kuna watoto kumi na mmoja nyuma na jua halingoji. Mikono mitano ikamwonyesha Bahiga.

Akasukumwa mbele. Mtoto akawekwa mikononi mwake. Alianza pale binti yake alipoishia, siku ya tatu, akafufuka, akapaa mbinguni, na sauti yake ilikuwa imara, kila mtu akatulia kumsikiliza. Alimtaja Roho Mtakatifu, Bwana, mwenye kuhuisha. Alilitaja kanisa moja. Kisha akanyamaza.

"Endelea, Mama Nargis," alisema Abuna.

Bahiga alimshika mtoto vizuri zaidi.

"Umesahau?"

"Sijasahau, Abuna. Siwezi kulisema." Alimtazama mtoto, hakumtazama mtu mwingine. "Huyu nimeshambatiza."

Abuna Mityas alifunika macho kwa kiganja. "Wewe."

"Mimi. Jumanne, alipopata degedege. Mara tatu, kwa Baba na kwa Mwana na kwa Roho Mtakatifu. Kwenye beseni."

"Beseni gani?"

"La kufulia. La bluu."

Nyuma mtu alicheka, mwenzake akamfinya. Wagdi alisogea, masikio yamewiva, akasema kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia, "Kwa hiyo ukumbi wa sherehe nimekodi wa nini?"

"Wewe nyamaza," Abuna alimwambia. "Ungemleta Januari, mama huyu asingeshika beseni. Ulikuwa unangoja kamera." Akamgeukia Bahiga, na uchovu wake wote wa Kwaresima ulikuwa usoni. "Mama Nargis. Hukuwa na mamlaka ya kubatiza. Mwanamke hawi padri kwa sababu ameogopa, wala mwanamume. Ulichofanya si ubatizo. Ni maji na hofu na sala. Sala Mungu ameisikia, mtoto huyu hapa anavuta msalaba wangu. Hofu ungeniletea jana ulipokuja kuniambia habari za jibini."

"Ndiyo, Abuna."

"Siku nyingine mtoto akishikwa, kimbilia zahanati kwanza. Mungu anajua njia ya zahanati."

"Ndiyo, Abuna." Hakuondoka. "Na Girgis?"

Abuna hakuwa padri wao wakati ule. Lakini kijiji ni kidogo. Alimwekea Yustina kiganja kichwani.

"Girgis yuko mkononi mwa Mungu," alisema. "Na ule mkono si wako wala si wangu. Sasa maliza. Umebakiza mstari."

Bahiga alimpandisha mtoto begani. Akasema, "Tunakiri ubatizo mmoja kwa ondoleo la dhambi." Akapumua. "Na tunangojea ufufuo wa wafu, na uzima wa ulimwengu ujao. Amina." Neno ufufuo alilitamka polepole kuliko mengine, kama mtu anayemwita mtoto aliye mbali, asiye na hakika kama anasikia.

Yustina akazamishwa mara tatu, akatoka anapiga kelele za kutosha watoto wote kumi na wanne. Akapakwa mafuta matakatifu, akafungwa utepe mwekundu kiunoni. Dada yake Wagdi ndipo alipogundua kwamba simu ilijaa kwenye habari ya beseni, na ubatizo wenyewe haukuingia hata kidogo. Ezzat, huko Kuwait, alitumiwa dakika nne za mama mkwe wa kaka yake akiungama habari za beseni la bluu.

Nargis hakuzungumza na mama yake njiani, wala ukumbini, wala Jumatatu. Alimpitisha mtoto mbele ya mlango wa chumba cha chini, akapanda naye ngazi. Bahiga alisikia nyayo zinapita. Hakuita. Alitandaza mikate juani, akaianua, akaitandaza tena.

Jumanne, siku ya tatu tangu ubatizo, ilikuwa siku ya kumwogesha mtoto. Maji hayo ya kwanza yana mafuta matakatifu ndani yake, nayo hayamwagwi ovyo. Bahiga alikuwa anachambua dengu aliposikia nyayo zinashuka, kisha zinasimama mlangoni.

Nargis alikuwa na mtoto mkono mmoja na beseni la bluu mkono wa pili.

"Siku ile nilikuuliza nibaki," alisema. "Ukaniambia nikafuate kofia."

"Nilikuambia."

"Ungesema baki, ningebaki."

"Najua."

Nargis alisimama akimtazama. Kisha akaliweka beseni sakafuni kwa kishindo. "Mwogeshe. Kuogesha tu, mama."

Bahiga alimwogesha. Alimwogesha taratibu, maji yasifike masikioni, Nargis amechuchumaa pembeni anatazama kila kiganja kinapokwenda, kama mkaguzi. Walipomaliza walilibeba beseni wawili, kila mmoja upande wake, wakayamwaga maji kwenye shina la mlimau.

Wagdi alikuwa amekaa uani anakula, simu mkononi. Alitazama maji yakizama udongoni, akasema kwa moyo mwema kabisa kwamba mtoto wa pili, Mungu akijalia, watapanga mapema, na Ezzat ameshaahidi likizo.

Bahiga aliinua beseni tupu, akasimama mbele yake, akamtazama mpaka alipoiweka simu chini.